Tundu

Pistoni mpya, ringi mpya, gasketi ya hedi mpya,
na bado Pijo yangu ikisimama yatetema
kama mwenye homa aliyepewa shuka moja.

Wiki mbili Shimanzi. Fundi Shebwana
kabadili plagi, kafungua kabureta mara tatu,
kaapa ni petroli ya siku hizi.

Leo Mwanaidi, mwanagenzi wake,
achomoa waya za plagi moja moja, injini ikinguruma.
Ya kwanza: Pijo yakata pumzi. Ya pili: vilevile.
Ya tatu
haina habari.

"Maiti ndiye huyu," asema,
apapasa chini ya manifoldi,
apata tundu wazi. Kimpira chake hakikurudishwa.

Aliziba kwa dole gumba.

Shebwana aitazama spana yake.
Nasikia kunguru, ng'ambo ya reli.