Msoma Mita, Kilimani

Sura zenu sizijui sana. Ninazozijua ni mita.
Miaka ishirini na sita nimepiga magoti kwenye mageti yenu,
nimefuta vumbi kwa kidole gumba, nimesoma,
nimeandika, nimeondoka.
Mbwa wenu wamezoea mlio wa baiskeli yangu,
hata hawasimami tena; wananitazama kwa jicho moja.

Wageni wakipita Kilimani husema: loo, kivuli hiki,
ndege hawa, utadhani si Dodoma.
Ni Dodoma. Chokonoa kwa kijiti uone:
wekundu, ukavu, kiu ya kurithi.
Palikuwa na miiba hapa, na njia ya mbuzi,
na shamba la uwele ambalo kwenye ramani ya kwanza lina jina
na kwenye ramani ya pili lina namba.

Mji mkuu ulitangazwa mimi nikiwa mgongoni mwa mama.
Ulipofika, nilikuwa nimeota mvi.
Kati ya kutangazwa na kufika
kuna nyumba hizi za bati jekundu, na watumishi
walioletwa na treni na barua ya uhamisho,
wakanuna mwaka mzima, wakafunga madirisha kwa ajili ya upepo,
kisha wake zao wakaanza kupanda.
Mwarobaini. Mjohoro. Mkrismasi, jakaranda.
Maji yalitoka Jumanne na Ijumaa tu,
kwa hiyo miti ilinywa yaliyobaki:
ya kuoshea mchele, ya kuogeshea watoto,
na Bi. Talita Mwaluko, nyumba namba saba,
alimimina ya kufulia, povu na yote.
"Mjohoro huu," aliniambia,
"umelelewa na jasho la mashati ya serikali."
Kivuli chenu chote hicho hakikupita kwenye mita yangu.

Sasa mna zahanati, mna shule ya chekechea
yenye ukuta wa rangi ya papai, mna mkate wa moto saa kumi na moja,
taa za barabarani, na mashine ya kukatia nyasi
inayonguruma Jumamosi kama inadai kitu.
Sawa. Mimi namfikiria marehemu Nehemia Chilewa, namba kumi na tisa.

Alikufa; watoto wako Mwanza, na mmoja ng'ambo;
geti likafungwa kwa mnyororo.
Mita ya marehemu haitakiwi kutembea.
Yake ilitembea. Uniti moja, uniti moja na nusu kila mwezi,
polepole, kama mtu anayetafuta choo gizani.
Nikadhani bomba limepasuka. Nikaja alfajiri na tochi.

Alikuwa Bwana Ndahani wa namba ishirini,
yule waliyeshtakiana naye hadi baraza la kata
kwa sababu mkrismasi wa Chilewa ulijaza majani
kwenye mifereji ya bati lake.
Miaka kumi na moja hawakusalimiana.
Kavaa msuli na kandambili, ndoo mkononi,
anaumwagilia.
"Mbukwa," akasema. Hakuongeza neno.
Nami sikumuuliza ufunguo aliupata kwa nani.

Nikaandika: mita imekwama.
Imekwama miaka tisa. Hilo ndilo kosa langu kazini,
na kama kuna mkaguzi anasoma, asome vizuri.

Kesho mafundi wanafunga LUKU za maji.
Hazipigiwi magoti, hazikwami kwa huruma;
fedha ikiisha, zinafunga.
Leo nimepita mara ya mwisho, nikafuta vioo vyote,
hata vya nyumba ambazo hazijawahi kunipa glasi ya maji.

Bwana Ndahani alikuwa akinisubiri chini ya maua mekundu,
miwani imefungwa kwa uzi.
"Hiyo mpya," akauliza, "inanunuliwa kwa namba gani?"
Nikachana karatasi ya mwisho ya daftari,
nikamwandikia, tarakimu kubwa kubwa,
namba ya Chilewa.