Skrubu Inayofunga Kinyume

Jumapili karakana ya Bondeni haina kelele.
Kalsi hufungua mlango nusu,
hugeuza debe la grisi, hukaa,
simu kaiegemeza kwenye mashine ya kukerezea
iliyofika Moshi kwa treni kabla sijazaliwa.

Mimi nimeshuka kutoka Uru na skrubu mkobani.
Imekatika tena. Nasubiri.

Mpwa wake anapiga kutoka Bangalore:
Jagtar, miaka thelathini na mmoja akigonga ribiti
kwenye matumbo ya ndege za vita.
Wanaongea Kipunjabi. Kalsi ananitafsiria
kama anayemlisha mtoto muwa,
kwanza anatafuna yeye.

Zabuni imetangazwa tena, anasema.
Mrusi kaja na bei, na urafiki wa zamani
(urafiki ule una risiti, ukizichambua).
Mfaransa kaja na ndege ya kupendeza
ambayo kila nati yake ina nasaba.
Mmarekani anatabasamu, anaahidi injini,
halafu kwa upole: na yule Mrusi,
bado mnaonana?

Nikauliza, rubani je, anasemaje?
Kalsi akauliza. Simu ikacheka.
Rubani amesharuka nazo zote, kajaza fomu.
Fomu iliingia kabatini uchaguzi ule,
ukapita, ukaja mwingine.
Waziri anataka kiwanda kikae jimboni kwake.
Wapinzani wanataka kujua nani kala.
Kila mwenye banda na bendera
siku hizi ni fundi wa anga.

Na kiwanda cha serikali, chake Jagtar,
kinaomba: tupeni michoro, tutaunda wenyewe.
Michoro haiji.
Linakuja sanduku,
ndani ndege iliyokatwa vipande kama kuku wa sikukuu,
na karatasi ya kuonyesha pa kukaza.
"Nimekaza," anasema Jagtar.
"Miaka thelathini na mmoja nimekaza."

Simu ikakata. Salio, au machozi, sijui.

Kalsi akanyoosha kiganja. Nikampa skrubu.
Akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.
Hii inafunga kinyume, akasema. Kushoto.
Nani aliwachagulia mashine hii?

Ningeweza kusema mwenyekiti,
aliyekwenda kuiona kiwandani siku tisa
akarudi na koti.
Ningeweza kusema mbunge,
aliyetaka iwashwe kabla ya Oktoba.
Fundi wetu Kiluwa alitaka ile nyingine,
mbaya ya sura, ambayo spea zake
zinapatikana hadi Kiboriloni.
Alisimama, akaeleza, akakaa.

Tulipiga kura kwa mikono.
Mimi mweka hazina, nilinyoosha wangu.
Mashine sikuwa nimeiona hata picha.
Niliyaona mabati:
muuzaji aliahidi kuezeka zahanati
tukimchagua yeye.

Msimu wa kwanza ikasimama,
kahawa mbivu ikachacha kwenye magunia,
harufu ikafika hadi kanisani.
Spea, wakaandika, wiki kumi na nne.
Nikaja hapa. Kalsi akakereza mbili, zikavunjika.
Ya tatu ikashika. Tukamenya kahawa.
Ikaja barua: mmetia chuma kisicho chetu,
dhamana imekufa.

Sasa anawasha mashine yake, Jumapili hii hii,
jambo asilolifanya.
Chuma kinalia, kinatoa nywele za bluu,
zinajikunja miguuni kwake.
Kilembani ana vumbi la mwaka mzima.
Juu yetu ndege ya abiria inashuka kwenda KIA;
hainui macho. Anapima,
anapuliza, anapima tena.

"Jagtar angeweza," anasema, hamwambii mtu.
"Wangemwachia tu."

Kisha, bila kuinua kichwa:
"Na yale mabati, yalifika?"

Yalifika, nikasema.
Upande mmoja.