Siku Tisa

Wameandika kutoka Bergen, mume na mke,
Arnfinn na Solveig, siku tisa mkononi.
Wanataka tembo, wanataka bahari,
na "watu wenyewe, jinsi wanavyoishi."
Nimetandaza ramani mezani, hapa Tamale,
nikaifuta vumbi kwa kiganja.
Vumbi la Januari halina adabu,
huingia hata ndani ya birika lililofunikwa.

Tarehe kumi na tatu, Accra. Walale.
Kesho yake ndege ya alfajiri, kisha gari la Yakubu
(kiyoyozi kimepona, ameniapia kwa watoto wake wote)
hadi mbugani Mole.
Hapo sina wasiwasi. Tembo hawahitaji miadi.
Msimu huu vidimbwi vya porini vimekauka,
hushuka wenyewe bwawani chini ya genge
mnamo saa nne, bila kuharakishana,
kama makarani wanaojua bosi kasafiri.
Nimeandika: tembo, siku tatu.
Nimeandika: nyani ni wezi, fungeni madirisha.

Bahari nayo haina shida, ila iko mbali.
Kutoka Mole hadi ufuo wa Busua
ramani inasema shubiri moja.
Magoti ya abiria yanasema vingine.
Nimechora mstari, nimeufuta, nimeuchora tena,
karatasi imeanza kutoboka pale Kumasi.

Bado "watu wenyewe."
Mwaka jana pengo hili nililijaza bila kufikiri:
Sirigu, nyumba za michoro, saa tatu hadi saa tano.
Sirigu ni kwetu.
Nyumba ya tatu baada ya pampu ni ya bibi yangu, Ayampoka.
Ukuta wake, nyekundu, nyeusi, nyeupe,
umo kwenye kijitabu cha ofisi, ukurasa wa nne.
Yeye hayumo. Mpiga picha alimwambia atabasamu,
akamuuliza, "Kwani umesema nini cha kuchekesha?"

Nimempigia simu.
"Bibi, kuna wageni wawili, tarehe kumi na nane."
"Wanakuja kufanya nini?"
"Kuona unavyoishi."
Kimya. Kuku. Redio.
"Tarehe kumi na nane nina jino.
Kaka yako ananipeleka Bolga kuling'oa.
Waje wanione naishi tarehe ishirini."
"Tarehe ishirini watakuwa baharini, Bibi."
"Basi wakaione bahari inavyoishi.
Yenyewe haina meno."

Nilidhani amekata. Kumbe anatafuna kitu, upande mzima.
"Huko baharini," akasema, "samaki wa moshi bei gani?"

Nikashika kifutio.
Sasa bahari inatangulia: usiku tatu Busua,
na asubuhi ya mwisho, kabla ya jua kali,
sokoni, samaki wa moshi, mkubwa, wafungiwe gazeti mara tatu,
maana wataruka naye hadi kaskazini
na rubani pia ana pua.
Kisha tembo, ambao wamepoteza siku moja
na hawataniandikia kulalamika.
Kisha Yakubu, madirisha wazi kwa sababu ya samaki,
kiyoyozi chake tusikisikie tena.

Tarehe ishirini.
Mvua ya mwaka jana imelamba kona ya magharibi,
wanawake watakuwa wanakanda udongo na samadi,
sufuria ya maganda ya dawadawa motoni tangu alfajiri.
Nimewaandikia: njooni na nguo mbovu.
Kucha za Solveig zitabaki nyekundu mpaka Bergen.
Arnfinn atapewa jiwe la kulainishia ukuta,
ataambiwa anakosea, kwa lugha asiyoijua,
na mwanamke mwenye shavu lililovimba.

Mwisho wa safu kuna kisanduku cha saa,
kuanzia, kumalizia.
Nimekiacha wazi.
Halafu nimerudi, nikaandika kwa kalamu ya wino:
betri mbili za redio, zile kubwa.