Pahali pa Uzi

Watatu walilala dukani usiku ule,
Mtaa wa Biashara, chumba cha nyuma, juu ya majora.
Asubuhi waliletwa hospitali kuu, Makadara, hawana nyuso,
na kila jamaa wakamtaka yule mrefu.

Mimi si daktari. Mimi huchanganya plasta,
hupasha nta, humwambia mgonjwa: uma, usitafune,
hesabu sitini kwa moyo.
Kisha naandika jina kwa penseli chini ya chapa
na kuilaza ndani ya sanduku la viatu.
Miaka kumi na tisa. Nusu ya mji imeuma nta yangu.

Shekuwe alikuja kwa gego la chini, lililooza kwa halua.
Akakataa ganzi, akaikubali, akaniuliza
kama plasta huuzwa kwa ratili.
Na jino moja la mbele, la juu,
lilikuwa na kipengo katikati ya makali yake,
kama mlango wa sisimizi.
"Hapo hupita uzi," aliniambia.
"Mkasi huupoteza. Meno nayajua yaliko."
Miaka thelathini ya kushona kofia.

Daktari Fidahusein alitangulia, nami nyuma na sanduku.
Mle ndani baridi, taa moja yakonyeza.
Yeye anataja, mimi nasoma kadi:
la sita, chini kushoto, limezibwa. Limezibwa.
La nane, halikuota.
Halikuota.
Picha ya eksirei hatukuifikia.
Niliisogeza chapa karibu na kinywa kile
nikapaona pahali pa uzi.
Moto ulikula kofia, ukala majora,
ukala kidevu na sauti,
ukaacha nafasi isiyozidi punje ya mtama.

Hakuwa yule mrefu.

Mwanakombo, mkewe, alikuwa kwenye benchi la nje,
viatu amevua, amevishika mkononi.
Hakuuliza kama tuna hakika.
Akaiomba chapa. Haturuhusiwi; nikampa.
Akapitisha ukucha katika kile kipengo,
kwenda na kurudi,
kama atafutaye ncha kwenye kibonge cha uzi.
"Jino la pembe," akasema, "si dawa ya pengo."
Akanirudishia, akavaa kiatu kimoja, akasita.
"Na la plasta, je?"

Usiku nililifunga sanduku kwa uzi, fundo mbili,
nikaukata kwa meno
kabla sijakumbuka.