Ukurasa wa Kumi na Nne

Alikuja saa tisa, umeme ukiwa umerudi dakika hiyo hiyo,
vumbi la pumba lingali kwenye nyusi zake:
Mama Aikaruwa wa mashine ya Pasua,
ambaye nusu ya kuku wa Moshi
wamekula mkononi mwake bila kumjua.
"Nichapie," akasema. "Ila usiharakishe.
Hapa kosa moja wanakurudisha mwaka."

Kazi yangu ni kuchapa.
Nimechapa hati za viwanja, wasifu wa marehemu,
barua za kuomba kazi zisizojibiwa.
Fomu hii ilikuwa na kurasa ishirini na mbili:
makazi ya kudumu kwa mwenye biashara,
katika nchi ambayo ramani yake ameikunja
ndani ya daftari la madeni.

Jina la kampuni. Tukaandika.
Mtaji. Tukaandika, sufuri zikapangana
kama mayai kwenye trei.
Chanzo cha mtaji.
Hapo akanyamaza.

"Andika ng'ombe."
Ng'ombe yupi?
"Wa mama, Kibosho. Aliuzwa mnadani Weruweru siku ya mvua,
tukarudi kwa miguu na kamba tupu.
Andika na kikoba, wanawake kumi na watano,
wawili wamekufa wakinidai.
Halafu mwandike Ndeshi, mdogo wangu,
aliyeacha shule kidato cha pili
ili mashine ipate mota."

Kisanduku kilikuwa na urefu wa kidole gumba.
Nikaandika: akiba binafsi.
Akasoma kwenye kioo, midomo ikicheza.
Hakupinga.

Utaajiri wenyeji wangapi?
"Kumi," akajibu upesi. "Wakala wa Arusha kasema niseme kumi."
Kisha akaanza kuwahesabu wa hapa, polepole, kwa vidole:
Kiwia wa mizani,
Mzee Shirima mshona magunia,
mapacha wa Rombo, Hadija wa hesabu,
yule kijana bubu anayejua mashine ikiugua kwa kuigusa tu,
akaendelea, akaendelea,
vidole vikaisha, mtu mmoja akabaki.
Fomu haikuwauliza.

"Hivi hili neno," akagusa kioo, "kudumu,
wao wanalielewaje?"
Nikamwambia: kukaa bila kuhesabiwa siku.
Akacheka kama mtu aliyepiga hesabu ikagoma.
"Basi baba anayo. Yuko pale kihambani, chini ya migomba,
isale limeota kichwani pake.
Hakujaza fomu.
Hakudaiwa picha yenye ukuta mweupe nyuma."

Nilitaka kumuuliza kwa nini anakwenda.
Sikuuliza. Mkoba ulikuwa wazi:
barua tatu za kodi, mwaka mmoja, viwango vitatu,
bili ya umeme,
na picha ya mwanawe mwenye miwani, theluji magotini.
Nyuma ameandika kwa kalamu ya bluu:
Mama, huku hakuna anayejua kuku wake alikula nini. Njoo.

Akasaini ukurasa wa kumi na nne
kwa mkono ule ule unaotambua mashudu mabovu
kabla pua haijafika.
Akalipa, akakataa chenji,
akaondoka karibu anakimbia. Umeme haukopeshi.

Nilipozipitisha karatasi kwenye skana
nikakiona kidole chake kando ya saini,
duara la unga wa mahindi,
mistari yote ikisomeka.
Maelekezo yanasema nakala iwe safi, isiwe na doa.

Nikachukua kifutio.
Nikafuta kona moja.
Nikaiweka karatasi mezani, nikaiangalia
hadi saa moja usiku, wenzangu wamekwisha kufunga,
na kwa mbali, upande wa Pasua,
mota inasaga.