Zimwi Likujualo

Mwaka jana zimwi letu lilikuwa la povu jeupe,
lile wanalofungia friji madukani.
Kichwa kama tangi la maji, kucha kama mapanga,
na majaji kutoka Gianyar wakatupa nafasi ya pili.
Tulilizungusha njia panda mara tatu, tukalitia kiberiti
ili mabaya ya mwaka yaishe nalo.

Halikuisha.
Liliyeyuka, likatiririka kwenye lami kama makamasi,
moshi ukaingia hadi jikoni kwa Luh Sasih.
Kesho yake, Siku ya Kimya,
hakuna moto, hakuna taa, hakuna kutoka nje,
kijiji kizima kikakaa kusikiliza
kifua cha mwanamke mmoja.

Baadaye nikawaona bata wakidonoa kwenye mfereji wa mpunga.
Nilidhani ni mchele.
Kumbe ni meno ya zimwi.

Basi mwaka huu nikasema kikaoni: mianzi.
Wakacheka. Dwija akasema mianzi haina mashavu.
Ni Sasih aliyekuja na panga, na kikohozi chake,
akatuonyesha kuchana fito hadi zipindike kama utepe.
Tukasuka mbavu. Vidole vikachanika.
Magazeti na uji wa muhogo yakawa ngozi,
makumbi nywele, na rangi tukaipata jikoni:
manjano, masizi, chokaa.
Jumanne mvua ikanyesha, shavu la kushoto likabonyea.
"Zimwi lenu," jaji mmoja akasema, "lina jino bovu."
Hatukupata hata nafasi ya tano.

Lakini pale njia panda!
Mianzi ilialika, ta! ta! ta!
watoto wakaruka wakigonga masufuria,
na upatu haujanyamaza bado
palikuwa pamebaki jivu, kapu moja tu.
Sasih akalichukua kwa ajili ya pilipili zake.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wanasema.
Hili lilitujua.
Lilichipua nyuma ya choo cha Dwija,
lilionja damu ya kila kidole chetu.
Halikutula.
Liliisha lenyewe.

Leo hata ndege hazitui. Giza limeiva,
nyota zimeshuka hadi kwenye paa la ghala.
Nimeegemeza sikio kwenye ukuta
upande wa kwa Sasih.
Sisikii kitu.