Uniti Thelathini na Nane

Kwenye kompyuta yangu inaitwa ankara.
Kwenye foleni inaitwa bili,
na ikifika dirishani kwangu, namba tatu,
chini ya feni isiyozunguka,
huwa imeshapata jina jingine.

"Huu ni wizi," alisema Ndeanasia Massawe,
akaibandika simu kwenye kioo
nisome ujumbe tulioutuma wenyewe:
uniti thelathini na nane.
"Nyumbani niko mimi na paka.
Mwezi uliopita sita. Mwezi wa kabla yake tano.
Niambie, paka ameanza kuoga?"

Foleni ikacheka. Mimi siruhusiwi.
Tulifundishwa semina, siku mbili, na chai:
mteja akipandisha sauti, wewe shusha;
mwite kwa jina; usimtajie mfumo.
Nikasema, "Mama Massawe, mfumo unaonyesha..."

Akanikata kama fundi akatavyo bomba la mdaiwa.
"Mfumo unakunywa maji?
Mgao ukiisha mnatutangulizia upepo,
mita inazunguka kwa pumzi,
na hiyo pumzi mnaiandika uniti.
Halafu mmejumlisha majitaka!
Maji hayajaingia, yametokaje?"

Hapo nilinyamaza.
Kwa kweli, kinachoingia tuna mita yake.
Kinachotoka tunakisia tu:
tunachukua sehemu ya kilichoingia
tukiamini kwamba binadamu
hurudisha karibu vyote alivyopewa.

Jumamosi nikapanda pikipiki ya Shafii, msoma mita,
tukateremka Rau katika vumbi la Januari,
migomba ya watu imekunja majani kama miavuli.
Tulifunga koki zote, ya jikoni, ya bafuni,
hata ile ya nje inayofungwa kwa kamba ya katani.
Shafii akafuta kioo cha mita kwa kidole gumba.

Kagurudumu kekundu kalikuwa kanazunguka.
Bila haraka,
kama bibi anayesaga ulezi
asiyejua kwamba anaangaliwa.

"Upepo," alisema Ndeanasia,
lakini kwa sauti ndogo.

Tukalifuata bomba kwa miguu.
Udongo ukawa mlaini, ukawa tope,
tukasimama wote watatu
mbele ya migomba yake ya nyuma:
mirefu, minene, kijani mpaka inakera,
na mkungu wa mshare umeelemea
hadi umewekewa nguzo.

"Mimi nilidhani ni samadi," alisema.
"Majirani wamekuja kuomba machipukizi.
Kanisani nimesifiwa."
Akageuza ndoo, akaikalia.

Sheria iko wazi: baada ya mita ni yako,
kila tone, hata usiloliona.
Niliisema huku nikiangalia viatu vyangu,
ambavyo tope lilikuwa limeshavikubali.

Tukaligawa deni mafungu manne.
Alilipa la kwanza. Alilipa la pili.
La tatu lilichelewa siku mbili,
na onyo letu la kusitisha huduma
likamkuta njiani, pesa imefungwa kwenye khanga.
La nne alikuja nalo na mkungu kichwani,
akampita mlinzi bila kumsalimia,
akautua kaunta. Kioo kikatetemeka.

Nikamwonyesha bango: HATUPOKEI ZAWADI.
Nikamwita kwa jina. Nikashusha sauti.

Akanikazia macho kama asomaye mita.
"Nani kakuletea zawadi?
Haya ni maji yenu, nayarudisha.
Pimeni."

Nikageukia skrini, nikashuka ukurasa, nikapanda,
nikitafuta kisanduku cha kujaza.
Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza kabisa,
kisha mtu mmoja, sikumwona ni nani,
akaanza kuhesabu vichane:
kimoja, viwili, vitatu.